Upande wa Kyungu, Upande wa Kabange

Mume wangu, Adrien Kapya, hakupenda gramafoni, na watu wa mtaa wetu wa Kamalondo walimcheka kwa hilo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwatengenezea. Mchana alifanya kazi katika karakana ya reli, akisuka upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua. Jioni watu walimletea redio na gramafoni zilizonyamaza. Alizifungua, alizifufua, halafu alikaa mbele yake na uso wa mtu aliyefiwa. Mwanzoni mwa ndoa yetu nilimuuliza ana nini.

"Ona," akaniambia, "bale bapiga muziki bote banabafunga mu kitundu moya. Wa ngoma anamukalia wa gita. Hakuna mwenye anapumua."

Mama yangu, kabla sijaolewa, alikuwa ameniambia nichunguze kama mwanamume huyu anakunywa na kama anapiga. Hili hakuniambia nilichunguze.

Adrien alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mtoto mdogo, huko kaskazini, kabla baba yake hajaja mjini kutafuta kazi ya reli, mama yake alimbeba mgongoni katika ngoma ya mapasa, yaani mapacha. Walikuwa katikati ya duara, na watu waliimba kuwazunguka. Sauti moja ilitoka nyuma ya shingo yake, nyingine ilipita sikioni ikaenda, nyingine ilikuja kutoka mbali ikamkuta pale pale alipo. Alisema alilala usingizi humo ndani ya nyimbo, na usingizi mtamu kama ule hakuwahi kuupata tena. Tangu siku hiyo, muziki unaotoka mbele ya uso tu aliuona ni nusu ya muziki.

Basi alianza kutafuta nusu nyingine, na mimi nikawa mtu wa kujaribiwa. Alikuwa na redio mbili kuukuu ambazo Wazungu wa Bel-Air walizitupa. Alizigeuza zikuze sauti badala ya kupokea matangazo, kila moja na mikro yake ya kunasa sauti na kipaza sauti chake cha kuitoa. Kimoja alikitundika kwenye mwavokado wetu, kingine kwenye ua wa upande wa pili. Binamu zake walipiga muziki ndani ya nyumba, wa gita chumbani kwetu, wa chupa na msumari jikoni. Mimi niliwekewa kiti uwanjani, katikati.

"Mama Annie, funga macho," alisema. Annie ni mzaliwa wetu wa kwanza.

"Na sombe yangu iko ku moto?"

"Sombe itangoja."

Nilifumba macho kwa kumridhisha tu. Ilikuwa kiangazi, jua linazama jekundu ndani ya moshi wa nyasi zilizochomwa, na hewa ilikuwa imetulia. Gita lilianza kushuka kutoka kwenye matawi. Chupa ilikuwa inalia pale uani, kidogo kidogo, halafu nikasikia inaondoka, inavuka nyuma ya kiti changu, inapita polepole kabisa, inakwenda kukaa kando ya gita. Hakuna mtu aliyepita. Kumbe binamu yake alikuwa akitembea ndani ya nyumba, kutoka mikro moja kwenda nyingine, na Adrien anazungusha vifungo vyake. Lakini mimi pale kwenye kiti sikuwa na habari ya vifungo. Nilijisikia nimechukuliwa. Sikujua kama nimekaa dakika chache au jioni nzima, na nilipofumbua macho nilikuwa na hasira kwamba imekwisha. Sombe, ile mboga yangu ya majani ya muhogo, iliungua, tuliila hivyo hivyo.

Mwaka ule walipokuwa wakianza kujenga nyumba mpya za Ruashi, mdogo wangu Laurentine alizaa mapasa, wavulana wawili. Wa kwanza akaitwa Kyungu, wa pili Kabange, kama inavyotakiwa. Majina hayo hatuyachagui, mapasa wenyewe huja nayo. Furaha yetu haikumaliza wiki. Laurentine alianza kutema damu. Madaktari walisema ni kifua, wakamchukua kwenye nyumba ya wagonjwa wa kifua nje ya mji, wakakataza watoto wachanga kuvuka ua wa mahali pale. Mimi ndiye niliyewachukua mapasa na kuwalea kwa maziwa ya unga na chupa. Mdogo wangu alikuwa hajawashika vya kutosha hata kujua nani ana alama ya kuzaliwa na nani hana.

Hapa lazima nieleze mambo ya mapasa kwetu, la sivyo hamtaelewa balaa iliyotupata. Mapasa hupewa vitu sawasawa. Ukimnunulia mmoja kofia, mnunulie na mwenzake. Ukimbusu huyu, mbusu na yule, hata kama yule amejaa mavi mpaka shingoni. Ukimpunguzia mmoja, atakasirika aondoke. Na akiondoka, yaani akifa, hatusemi amekufa na hatulii. Tunasema amekwenda kutafuta chumvi. Yule aliyebaki anaendelea kuimbiwa na kuchekewa, na mama yao, kama ni mgonjwa, haambiwi kitu mpaka apate nguvu.

Tena kuna ngoma yao. Mama wa mapasa huwekwa katikati, ukoo wa baba upande mmoja, ukoo wa mama upande mwingine, na pande hizo mbili hutukanana kwa nyimbo. Upande wa baba humbeba Kyungu, upande wa mama humbeba Kabange. Matusi yenyewe siwezi kuyaandika, ni ya chini ya kitovu yote, na mtu mwenye haya hukaa nyumbani siku hiyo. Bila ngoma ile, mapasa hawajapokelewa. Sasa mama yao amelala nje ya mji, ngoma atazungushiwaje?

Godefroid, mume wa Laurentine, alikuja kwetu na swali hilo hilo. Adrien alikuwa anakula. Aliacha kula.

"Kule mu chumba ya bamama kuko vipaza sauti ine," akasema. "Miye njo nilitunga. Ni ya Misa."

Ni kweli. Masera, sista aliyekuwa mkubwa wa pale, alikuwa amemwajiri siku za Jumamosi afunge vipaza sauti kwenye pembe nne za chumba cha wanawake, ili wagonjwa wasioweza kuinuka wasikie Misa kutoka kapelani. Adrien alikwenda kumwomba ruhusa. Alimwambia familia inataka kuwaimbia wagonjwa nyimbo za kubariki watoto, kutoka nyumba ya mlinzi, nje ya ua. Masera alikuwa Mflemi mwenye moyo mzuri na hakujua hata neno moja la Kiluba. Akakubali.

Adrien alifanya kazi ile kama mtu anayetengeneza altare. Alitenga vipaza sauti viwili vya ukuta wa kuume, vikawa vya upande wa baba, vya Kyungu. Viwili vya ukuta wa kushoto vikawa vya upande wa mama, vya Kabange. Kila upande na mikro yake, redio yake, waya wake. Nyaya alizipima zilingane. Vifungo alivifungua sawasawa, na mimi nilimsimamia, maana mimi ni upande wa Kabange na sikutaka mtoto wangu apunjwe. Wagonjwa walipotolewa kupigwa jua, alisimama ndani ya chumba, katikati kabisa, Godefroid akahesabu kwenye mikro hii na mimi kwenye ile, mpaka Adrien akasema sauti zetu zina uzito mmoja.

Jumapili tuliimba. Jamani, tuliimba! Wanaume wa upande wa baba walitutukana sisi mpaka ng'ambo ya kaburi la bibi yetu, tukawajibu vilivyo. Mapasa walilala fofofo muda wote, Kyungu begani kwa Godefroid, Kabange mgongoni kwangu. Kutoka chumba cha wagonjwa tulisikia vicheko na vikohozi. Masera alikuja mpaka uani, uso unang'aa, akamuuliza Godefroid maneno yale yana maana gani.

"Banashukuru Mungu, Masera," Godefroid akasema, "juu ya viungo yote ya mwili."

Tulirudi mjini tunacheka njia nzima. Adrien peke yake hakucheka, lakini alikuwa amejaa furaha. Alitembea akiwa ameshika bisibisi mkononi, amesahau kuiweka mfukoni.

Nilipokwenda kumtazama Laurentine, siku ya wageni, hakugeuka. Tuliruhusiwa kusimama dirishani tu. Alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani, na sahani yake ya bukari, ugali wetu, iko chini, haijaguswa. Nilimwita. Aliyekuja dirishani ni jirani yake wa kitanda, Alima, mwanamke wa Maniema, mke wa fundi cherehani. Yeye alikuwa amekaribia kupona, alikuwa anaruhusiwa kutembea uwanjani.

"Mama Annie," akaniambia kwa sauti ndogo, "mudogo wako hakulake tangu Jumapili. Anasema Kyungu alienda kutafuta chumvi."

"Nani alimuambia?"

"Hakuna. Anasema alisikia ngoma, alisikia benu tu, upande wa Kabange. Upande wa Kyungu ilinyamaza. Anasema kama mutoto angekuwa, babeba bake bangeimba."

Niliingiza kichwa dirishani, ruhusa au si ruhusa. "Laurentine! Bote beko bazima! Kyungu iko ku nyumba, anakula kushinda mwenzake! Ninaapa mbele ya Mungu!"

Mdogo wangu alisema na ukuta, taratibu kabisa, bila kunikasirikia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Njo vile banasemaka, yaya. Hata miye na weye tulisemaka vile kwa mama mudogo."

Ilikuwa kweli. Mama yetu mdogo alipofiwa na pasa wake mmoja, mimi na Laurentine ndio tuliokaa kando ya kitanda chake tukimwambia mtoto mzima, anacheza. Tuliapa mbele ya Mungu vile vile. Basi ningemwambia nini sasa? Neno lolote nililokuwa nalo lilikuwa limeshatumika. Alima naye alijaribu, akasema amewaona watoto wote wawili kwa macho yake uani. Laurentine akamjibu, "Weye ni mutu muzuri, Alima. Banakufundisha kusema." Masera alinivuta pembeni akaniambia ugonjwa ule haumsamehe mtu asiyekula. Hakuwa na haja ya kuniambia, niliyaona mashavu ya Laurentine.

Nilifika nyumbani nikamrukia Adrien kwa maneno. Nilimwambia mimashine yake imemuua mtoto aliye hai, na sasa inamuua na mama yake. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Mwanamume huyu ungeweza kumgombeza asubuhi akakujibu jioni. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Kitanda yake iko wapi?"

"Ku ukuta. Ku kushoto, chini ya kile kipaza sauti yako."

Alikaa chini. Akashika kichwa. "Miye nilisimama katikati," akasema. "Katikati hakuna mutu mwenye analala. Kuko meza ya dawa."

Sheria ya mapasa tuliifuata kwa waya na kwa kifungo, na ile haki yote tuliipatia meza.

Kesho yake alisema atapunguza upande wa Kabange na kuongeza upande wa Kyungu. Nilimkatalia papo hapo. Huo ndio ukweli, nilimkatalia, na mdogo wangu yuko kitandani anakwisha.

"Kabange utamupunguzia? Hapana, Adrien. Anaweza kukasirika. Ataenda kweli, na ni miye nitakuwa nilimubeba."

Hakubishana. Alitundika tena vile vipaza sauti viwili, mwavokadoni na uani, akaweka vifungo sawasawa mbele ya macho yangu. Kyungu nilimlaza mimi mwenyewe chumbani, mbele ya mikro. Kabange nilimlaza jikoni, mbele ya nyingine, na Annie wangu akakaa naye. Wote walikuwa macho, wananung'unika vile wanavyonung'unika watoto walioshiba. Kisha Adrien akachukua kiti changu, hakukiweka katikati. Alikiweka uani, chini ya sauti ya Kabange.

"Funga macho."

Nikafumba. Kabange alikuwa yuko juu yangu, yuko kila mahali, pumzi yake, mate yake, mguu wake ukikwaruza blanketi. Nikamtafuta Kyungu. Nikamngoja. Hewa ya jioni ilikuwa laini, moshi wa makaa unapita, majirani wanaitana, na mimi nilikuwa naelea ndani ya mtoto mmoja tu. Kyungu hakuwepo. Nilijua yuko hai, nilimlaza kwa mikono yangu, ubavu wake ulikuwa bado una joto kwenye nguo yangu. Hata hivyo niliinuka nikakimbilia chumbani kumwangalia.

Alikuwa anakula kidole chake. Nilikaa kando yake kwenye sakafu nikiogopa, si kwa ajili yake tena, kwa ajili ya Laurentine, ambaye hawezi kuinuka kwenda kuangalia.

Niliporudi kwenye kiti, Adrien alizungusha vifungo. Kabange akasogea mbali kidogo. Kutoka mwavokadoni, Kyungu akaja, kwanza kama pumzi, halafu kama mtu. Wakakaa mmoja huku na mmoja huku, na mimi nikawa katikati ingawa nilikuwa pembeni.

"Punguza," nikamwambia mume wangu. "Kabange atasamehe. Ni sababu ya mama yake."

Jumapili iliyofuata tulirudi nyumba ya mlinzi. Shida ilikuwa moja: Adrien hangeweza kusimama kando ya kitanda cha shemeji yake na kuzungusha vifungo huku nje kwa wakati mmoja. Akamwomba Alima amsikilizie. Alima angekaa dirishani kwa Laurentine. Upande wa Kyungu ukizidi, ainue mkono wa kuume. Upande wa Kabange ukizidi, wa kushoto. Zikilingana, yote miwili.

Wanaume wa upande wa baba wakaanza. Ng'ambo ya uwanja tulimwona Alima dirishani, mtandio mweupe, mkono wa kushoto juu wakati sisi tulipojibu. Adrien akapunguza. Mkono wa kushoto bado. Akapunguza tena, akaongeza huku. Ukapanda wa kuume, ukashuka, ukapanda wa kushoto kidogo, nusu. Tuliimba yale matusi yetu macho yote yameelekea kwenye mikono ya mwanamke mmoja, na nyimbo zikapoteza ukali, zikawa zinakwenda na kurudi polepole, mpaka nikasahau kwamba ni mimi ninayeimba. Mwishowe Alima akainua mikono yote miwili, akaiacha hapo juu, kama mtu anayeomba dua.

Lakini alipoishusha alitikisa kichwa. Tulielewa. Laurentine anasikia pande zote mbili, sawa, lakini bado haamini. Nyimbo watu wazima huweza kuziimba hata mtoto akiwa kaburini.

Wenyewe, mapasa, walikuwa wamelala tena. Hawa watoto waliokuwa wakinikesheza kwa kelele, siku ninapoitaka kelele yao wanakoroma! Sikumfinya mtu. Nilizishika tu chupa zao mkononi, wakati wa kunyonya ulikuwa umepita, nikawasogeza kwenye mikro, Kyungu kwa Godefroid, Kabange kwangu, tukawaambia waimbaji wanyamaze. Kyungu alifumbua macho kwanza. Akanusa. Hakuona chupa. Akalia kwa sauti nene, ya mzee aliyedhulumiwa. Kabange akamsikia, akajibu kwa ile sauti yake nyembamba. Wakaendelea hivyo pamoja, hakuna anayempisha mwenzake. Adrien hakugusa kitu. Alikuwa ameondoa mikono yake kwenye vifungo, ameiweka magotini.

Alima alipotea dirishani.

Halafu tukamwona anatoka mlangoni, anavuka uwanja, mbio ambazo mgonjwa wa kifua amekatazwa. Akashika waya wa ua.

"Mama Annie, nguo yake imelowana. Huku na huku. Ni maziwa." Alivuta pumzi. "Anauliza juu ya nini munaacha batoto banalia vile na njaa. Anasema mumupatie Kyungu kwanza, njo mukubwa. Kabange anaweza kungoja."

Waimbaji waliangalia chini. Ruhusa ya kuwapeleka hatukuwa nayo, na maziwa yake, hata angetaka namna gani, wasingeyanyonya. Nikampa Godefroid chupa ya Kyungu. Adrien akapiga goti, akasogeza mikro mpaka karibu na shavu la mtoto, na nyingine akaisogeza kwa Kabange, nami nikampa yake. Vilio vikakatika. Ikabaki sauti ya watoto wawili wanaomeza.

Kule ndani, Alima alitusimulia baadaye, Laurentine alijigeuza akalala chali. Alikunja mikono yote miwili, akaiweka kifuani, huku na huku, akawabembeleza hivyo mpaka chupa zikaisha.